Kobo Clara BW au Kindle Paperwhite, kwa msomaji wa fanfiki aliyelala ubavu

Kama unatafuta kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, vitabu vyako unavinunua Amazon na kuvisoma umekaa kitini, chukua Kindle Paperwhite yao, mambo yaishe. Mimi nazungumza na wenzangu tunaopakua fanfiki kutoka tovuti ya Archive of Our Own (AO3), hadithi za maneno laki mbili na ushei zilizoandikwa na mashabiki kama sisi, halafu tunazisoma tumelala ubavu, taa imezimwa, mtu mwingine anakoroma pembeni. Kwa kundi hilo nimechagua Kobo Clara BW, na sababu yangu kubwa wala si kioo.

Nimevitumia vyote viwili. Paperwhite ni ya dada yangu, toleo la 2021 lenye kioo cha inchi 6.8, na ilikaa kwangu likizo nzima ya Desemba. Clara nililetewa na mama mdogo aliyeko Toronto, mji ambako Kobo yenyewe ilianzia mwaka 2009 kabla haijanunuliwa na Wajapani wa Rakuten. Ilipotoka mwaka 2024, Clara BW iliuzwa dola 129.99 kule Marekani, na Paperwhite mpya ya mwaka huohuo dola 159.99. Ukiagiza mwenyewe utaongeza nauli na ushuru, kwa hiyo ukiwa na ndugu anayekuja likizo, mbembeleze mapema.

Tuanze na uzito. Clara ina gramu 174, Paperwhite ya dada 205. Ukizisoma hizo namba mchana utasema ni upuuzi. Ngoja ifike saa saba usiku, wale wawili wa kwenye hadithi wamegombana na hawajapatana bado, nawe umeshika kifaa kwa mkono mmoja, kidole gumba kimeanza kufa ganzi. Hapo gramu thelathini utazihesabu moja moja. Na usingizi ukikuzidi, kifaa kinatua puani; kilicho chepesi kinasameheka.

Mwanga ndiyo ulionifukuza kwenye simu, au niseme mume wangu ndiye aliyenifukuza. Simu inamulika kutoka nyuma ya kioo, chandarua kizima kinawaka kama ukumbi wa harusi. Hivi vifaa ni vingine: wino wake ni chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme, zikishatulia ukurasa unabaki hapohapo bila kula chaji, na vitaa vidogo vya pembeni vinamwaga mwanga juu ya ukurasa badala ya kukurushia machoni. Clara na Paperwhite zote zinaweza kuugeuza mwanga uwe wa manjano usiku ukiingia. Clara unaiambia saa yako ya kulala, inauongeza umanjano yenyewe taratibu. Tena kuongeza au kupunguza mwanga unatelezesha kidole tu ukingoni mwa kioo upande wa kushoto, huhitaji kufungua menyu gizani. Kindle ndogo ya kawaida, ya gramu 158, ingeshinda mashindano ya uzito bila jasho, lakini taa yake ni nyeupe tu, haina manjano. Kwa kitandani mimi siitaki.

Sasa tuje kwenye mafaili, kwa sababu hapa ndipo msomaji wa fanfiki anapotofautiana na watu wengine. AO3 inakupa aina tano za mafaili ya kupakua: AZW3, EPUB, MOBI, PDF na HTML. Chukua EPUB, nyingine waachie wenyewe. Kwenye Kindle unaituma kwa barua pepe au kwa programu ya simu, inapita kwenye mitambo ya Amazon, inabadilishwa, ndipo inashuka kwenye kifaa. Tangu 2022 wanaipokea EPUB, na njia hiyo ni rahisi, nisiwe mnafiki. Asiye na kompyuta atafurahi zaidi na Kindle kuliko Kobo. Ila fikiria: ukiazima Kindle ya mtu, kila unachotuma kinaingia kwenye akaunti yake, na kinaweza kumtokea hata kwenye simu. Kama unasoma hadithi zenye alama ya E, yaani zile za wakubwa tu, hilo jambo lizingatie. Kuna mambo dada hapaswi kuyajua, hata kama tumenyonya ziwa moja.

Kobo inafungua EPUB kama ilivyo. Unachomeka waya kwenye kompyuta, kifaa kinaonekana kama flashi, unadondosha mafaili, umemaliza. Bando lako halijaguswa na hakuna aliyejua. Ndani yake kuna hata kivinjari cha majaribio: unaingia AO3 humohumo, unabonyeza kupakua, hadithi inatua kwenye rafu yako. Ni kizito na kina kigugumizi, lakini saa nane usiku hadithi ikiishia pabaya na sehemu ya pili ipo, utakivumilia.

Mwenye kompyuta aweke Calibre, programu ya bure ya kupangia vitabu iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006, kisha aiongezee kipachiko kinachoitwa FanFicFare. Hiki ndicho kinachotibu maradhi yetu makubwa, yaani hadithi ambazo hazijaisha. Faili ulilopakua Jumatatu halijui kwamba mwandishi ameongeza sura Jumatano. FanFicFare inakwenda kuangalia, inaleta sura mpya na kuzishonea kwenye faili lako la zamani. Nina hadithi tano sita za namna hiyo, na kila Ijumaa baada ya kusahihisha madaftari ya watoto nazipitisha zote kwa pamoja. Angalizo: ukibadilisha faili, mara nyingi Kobo inasahau ulipoishia. Mimi nakariri namba ya sura.

Jambo jingine linalonipendeza ni mpangilio wa maandishi. Waandishi wa fanfiki wanajipenda; mmoja anaandika aya ndefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, mwingine kila sentensi ana mstari wake. Kwenye Kobo unavuta nafasi ya mistari na pambizo kidogo kidogo mpaka macho yaridhike, na unaweza kuweka fonti zako mwenyewe.

Ubaya upo. Kioo cha Clara kimezama kidogo chini ya fremu, kwa hiyo makombo ya visheti yanajipanga pembeni, ilhali Paperwhite uso wake ni tambarare, unafuta mara moja. Inchi 6 ni ndogo kwa wanaopenda herufi kubwa. Na AO3 haitoi kava kwenye mafaili yake, rafu inakuwa majina matupu kama daftari la mahudhurio. Vitufe vya kugeuzia ukurasa pia Clara haina. Anayevitaka atazame Kobo Libra Colour ya inchi 7, ila ajue kioo cha rangi kina giza kidogo kuliko cha nyeusi na nyeupe, na bei yake ilianzia dola 219.99. Boox Palma nayo nimeishika dukani. Umbo ni la simu, ndani ni Android, programu zote zinaingia. Mimi nilikimbia simu, sioni kwa nini niilipie tena kwa jina jingine.

Mwisho wa kila faili la AO3 kuna kiungo kinachokuomba urudi ukamwachie mwandishi neno. Kitandani hutarudi, tusidanganyane. Mimi napigia mstari sentensi iliyonikata maini, na asubuhi kwenye daladala naiandika kwa simu. Kwenye orodha ya lugha za AO3 Kiswahili kipo. Hadithi zenyewe ni chache, basi mwenye mkono mwepesi aandike, mie nitapakua.

Na kwa wanaoogopa betri: Kobo na iFixit, kampuni ya vipuri na maelekezo ya ukarabati, wamekubaliana kutoa vipuri na maelekezo ya kufungua Clara BW. Fundi wangu wa simu pale Ngamiani keshaniambia, nilete betri tu, kuifunga ni kazi yake.