Amores Perros: ajali moja, stori tatu, na yule mzee wa mkokoteni

Mimi muvi za kuchanganya mambo nazipenda sana, zile ambazo unaanza kuona tukio la katikati halafu unarudishwa nyuma uunganishe mwenyewe, na kwangu hakuna iliyoniingia kama Amores Perros ya Mexico, ya mwaka 2000. Muongozaji ni Alejandro González Iñárritu, hii ndo muvi yake ndefu ya kwanza, stori kaandika Guillermo Arriaga. Ni masaa 2 na nusu hivi, Kihispania mwanzo mwisho, kwa hiyo maandishi ya chini utayasoma tu hakuna namna, simu weka mbali.

Inaanza gari iko spidi, vijana wawili wamechanganyikiwa, siti ya nyuma kuna mbwa anavuja damu na kuna watu wanawafukuza, wanaikata taa nyekundu, wanagonga gari lingine vibaya sana. Hujui ni kina nani wala mbwa kapatwa na nini. Hapo ndo unarudishwa nyuma.

Stori ya kwanza ni ya Octavio, mmoja wa wale vijana wawili wa kwenye gari (Gael García Bernal, kijana kabisa hapo), anayempenda Susana, mke wa kaka yake, na anataka watoroke, hela anaitafuta kwenye mapigano ya mbwa kupitia Cofi, mbwa wao wa nyumbani. Ya pili ni Valeria, mwanamitindo mwenye sura yake kwenye bango kubwa barabarani, yeye ndo alikuwa kwenye lile gari lililogongwa. Ya tatu ni El Chivo, mzee mwenye ndevu ndefu anayesukuma mkokoteni huku kundi la mbwa linamfuata.

Sasa huyu mzee ndo sababu naandika. Kwenye stori ya kwanza anapita pita tu, unamuona kama kichaa wa mtaani, humpi hata nusu dakika ya akili yako. Kuna sehemu wahuni wanataka kuwaachia mbwa wao awararue mbwa wa yule mzee, anatokea na panga, wanaghairi, wanamgeukia Cofi, na Cofi anamuua mbwa wao. Octavio ndo anajua hapo kwamba ana mbwa wa hela. Yaani mzee asingetoka na lile panga, hakuna mapigano, hakuna kufukuzana, hakuna ajali, na Valeria anafika alikokuwa anaenda. Hakuna mtu anakuambia hivyo kwenye muvi, ilinijia mwenyewe niliporudia mara ya pili nikasimamisha nikamwita mdogo wangu aje aone.

Sisi tumekua na muvi za steringi, unajua wa kumshika toka dakika ya kwanza, adui unamjua kwa sura tu. Hapa ajali inarudi tena na tena na kila ikirudi upo upande wa mtu mwingine, yule uliyemuonea huruma mwanzo sasa ndo kaharibu maisha ya mtu ambaye hamjuani kabisa. Ingesimuliwa moja kwa moja toka A mpaka Z ningemhukumu Octavio nikamaliza.

Na kuna pale mzee, ambaye binti yake alikua akiambiwa baba kafa, anachukua kipicha kidogo chake yeye mwenyewe anakibandika juu ya sura ya baba wa kambo kwenye picha ya familia. Haongei chochote. Nililia, kwa kweli.

Cha kulalamikia kipo. Stori ya Valeria inavutwa mno, kijimbwa chake Richie kinatumbukia kwenye tundu la sakafu na tunakaa nacho humo muda mrefu, ndani ya nyumba tu, wakati huku nje mambo yamewaka. Na mapigano ya mbwa yanatisha, waliandika kabisa kwamba hakuna mnyama aliyeumizwa ila moyo unadunda vilevile, usiangalie na watoto. Babel ya 2006, ya haohao wawili, nayo inachanganya stori za nchi tofauti na ni nzuri, lakini kule fundo linalowaunganisha naliona limelazimishwa kidogo, huku ni mji mmoja na barabara moja, inaaminika.

Naipa 9 kwa 10, ile moja nimeikatia kwa Richie chini ya sakafu. Ukiirudia mfuate macho mzee tu toka mwanzo.