Hoteli ya kufikia Lagos: kabla ya bei, uliza jenereta liko upande gani

Akina dada wanaofuata vitambaa vya lesi na ankara Lagos wamenijazia simu kwa ujumbe wa sauti, na karibu kila ujumbe una ngurumo nyuma yake. Anayeongea anapaza sauti, anarudia maneno, mwisho anasema "hebu sikia mwenyewe" na kuisogeza simu dirishani. Hapo huhitaji kuambiwa zaidi. Kalipia hoteli nzuri tu, picha zilikuwa safi, shuka nyeupe, kifungua kinywa kimo ndani ya bei, halafu kalazwa ukuta kwa ukuta na jenereta.

Kwa hiyo leo sitagusa intaneti, wala bwawa la kuogelea, wala televisheni ina inchi ngapi. Hayo utayaona mwenyewe Booking.com. Nazungumzia hoteli za kikazi za kawaida, za mtu anayetoka asubuhi kwenda soko la Balogun, akarudi jioni miguu imevimba, anataka kuoga, kula na kulala. Na nazungumzia Ikeja zaidi, maana ndiko wengi wetu tunakofikia: ni karibu na uwanja wa ndege wa Murtala Muhammed, na soko la simu la Computer Village liko hapo hapo.

Kwa nini nimeshikilia jenereta

Sisi tumekua na mgao wa TANESCO, tunadhani tumeshayaona yote. Bwawa la Mwalimu Nyerere peke yake limejengwa kutoa megawati 2,115. Gridi ya Nigeria, nchi ya watu zaidi ya milioni 200, kwa kawaida inasambaza kama 4,000 hadi 5,000 tu, na mwaka 2024 ilianguka mara kadhaa ikaacha majimbo mengi gizani. Ndiyo maana hoteli yoyote Lagos, iwe ya nyota ngapi, ina jenereta, na linafanya kazi kila siku ya Mungu.

Tangazo likisema umeme upo saa 24, hawakudanganyi. Umeme wa serikali ukikatika (wenyewe bado wanauita NEPA, ingawa shirika lenye jina hilo lilishabadilishwa tangu 2005), jenereta linawashwa. Kitu ambacho mteja haulizi ni mlio na moshi vinakwenda wapi.

Na hapa ndipo wengi wanapojimaliza. Tukifika mapokezi tunaomba chumba cha nyuma, kisichotazama barabara, tupate utulivu. Kwa Dar es Salaam hilo ni ombi la busara kabisa. Lagos, nyuma ndiko uani, na uani ndiko kwenye kibanda cha jenereta, tangi la dizeli na bomba la moshi. Dada wa mapokezi anatabasamu, anakupa hicho hicho ulichokiomba, tena kile ambacho wenyeji wote wamekikataa tangu mchana. Honi za danfo, daladala zao, zinapungua kadiri usiku unavyokwenda. Jenereta ndiyo kwanza linakolea. Unalala kama uko chumba kimoja na mashine ya kusaga mahindi, na kesho yake unakwenda kupatana bei na watu wa Balogun macho mekundu, kichwa kizito. Watakupiga bei wanavyotaka.

Kumbuka pia saa za Lagos ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili. Mwili uliozoea kuamka saa kumi na moja alfajiri utakuamsha saa tisa usiku, na ukishaamka kwenye ngurumo ile, usingizi haurudi.

Mlio wenyewe ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni namna wanavyohama kutoka umeme wa NEPA kwenda wa jenereta. Hoteli makini ina swichi inayojigeuza yenyewe: taa inapepesa, sekunde chache mambo yanaendelea. Kwingine anategemewa kijana aamke, ashuke uani na tochi, aliwashe kwa mkono. Kiyoyozi kinazimika, joto linapanda, unajigeuza kitandani, halafu mngurumo unaanza. NEPA ikirudi, mchezo unajirudia kinyumenyume, na kuna siku inafanyika mara tatu nne kabla hakujapambazuka.

Kuna na ujanja wa jenereta dogo la usiku. Dizeli ni ghali, kwa hiyo kuanzia saa sita hivi lile kubwa linazimwa, linawashwa dogo linalobeba taa na soketi, lakini viyoyozi haliviwezi. Hakuna anayekwambia. Wewe unaona kiyoyozi kimekufa, unafungua dirisha upate hewa, na moshi wa dizeli unaingia chumbani. Huo moshi usiuchukulie mzaha, una sumu. Ukiusikia ndani, usilale humo. Shuka na begi, dai chumba kingine saa hiyo hiyo.

Maswali ya kuuliza kabla hujatuma hela

Waandikie WhatsApp hotelini moja kwa moja, usiishie kwenye mtandao wa kubuki. Waulize jenereta liko upande gani wa jengo, kiyoyozi kinafanya kazi usiku kucha likiwa linawaka, na je, laini yao ni ya Band A? Hili la mwisho linawashtua, wanajua umekuja umejiandaa. Band A ni daraja la wateja wa umeme ambao Aprili 2024 walipandishiwa bei kutoka naira 68 hadi 225 kwa uniti, wakaahidiwa umeme usiopungua saa 20 kwa siku. Hoteli iliyo kwenye laini hiyo inaunguza dizeli kidogo, na wewe unapata usiku wenye ukimya wa maana.

Halafu omba chumba cha mbele, ghorofa ya pili au ya tatu. Ndiyo, kinachotazama barabara. Ghorofa ya juu kabisa iache, kuna matangi na pampu za maji darini, na mara nyingine bomba la moshi limepandishwa hadi huko. Ukiweza, mwombe anayekujibu akurekodie video fupi dirishani saa nne usiku. Akikutumia ya mchana, umeshapata jibu.

Maoni ya wageni mtandaoni yapo, ila usiyasome yote. Tafuta neno "gen" tu, ndivyo wanavyolifupisha jenereta.

Nafasi ya kwanza: ibis

Sizunguki: mimi ni mtu wa ibis, na hakuna aliyenilipa. Lagos wana ya Ikeja mjini na ya kule upande wa uwanja wa ndege. Ni chapa ya Accor ya Ufaransa, hoteli yao ya kwanza ilifunguliwa Bordeaux mwaka 1974, na tangu hapo wanauza kitu kile kile: chumba kidogo, kitanda kizuri, mbwembwe hakuna. Wapo wanaolalamika kwamba chumba ni kidogo. Sasa unakwenda kucheza rede humo ndani?

Ninachokipenda ni kwamba vyumba vinafanana. Hoteli ambayo chumba hiki kinauzwa ghali na kile rahisi, mapokezi wana kila sababu ya kukubana kwenye kibovu wakubembeleze ulipie kizuri. Vyumba vikiwa sawa, ukisema nihamishe, unahamishwa. Hata hapo usiache kuomba kilicho mbali na ua.

Ya pili: Protea

Chapa ya Afrika Kusini, imeanza 1984, na tangu 2014 iko chini ya Marriott. Lagos wana kadhaa, bara na visiwani. Kwa kifungua kinywa wanawashinda ibis, sibishi. Shida yangu ni kwamba majengo hayafanani hata kidogo, kwa hiyo sifa za moja usizihamishie nyingine. Maswali yale yale unaanza upya kwa kila hoteli.

Ya tatu: hoteli za wenyewe Wanaijeria

Hapa ndipo penye utamu na penye bahati nasibu. Chumba kikubwa, mwenye hoteli anapatana bei, asubuhi unapata akara za moto (bajia za kunde) na moi moi (kunde za kusaga zilizopikwa kwa mvuke), na mhudumu akikuzoea anakuita "aunty" na kukuongezea ndizi za kukaanga. (Chai ndiyo usitegemee. Utaletewa maji moto, kifuko cha Lipton na maziwa ya kopo. Beba majani na tangawizi yako.)

Ukichagua hizi, chagua na mtaa. Ikeja GRA viwanja ni vikubwa, ni eneo lililopimwa enzi za mkoloni kwa nyumba za maofisa, kwa hiyo jenereta linaweza kukaa pembeni kabisa ya ua, mbali na vyumba. Mitaa ya Allen na Opebi, hapo hapo Ikeja, viwanja vimebanana, na hata kama hoteli yako imelificha vizuri la kwake, kuna la benki jirani, la mnara wa simu, na la baa ya ng'ambo. Ijumaa usiku ongeza mkesha wa kanisa wenye spika nne. Mkesha sina neno nao, watu wanamwomba Mungu wao. La benki usiku wa manane, wakati ndani hamna mtu, ndilo linalonikera.

Ya nne: nyumba za kupanga kwa siku

Wenyewe wanaziita "shortlet". Mkiwa watatu au wanne mnaotoka pamoja, inalipa, na mnapika wenyewe. Tafuta yenye inveta na betri. Hiyo hailii kabisa na ndiyo kimya cha kweli Lagos. Ila inveta nyingi hazibebi kiyoyozi kwa muda mrefu, na kwingine uniti za umeme unanunua mwenyewe juu ya kodi. Uliza.

Za bei ya chini

Zipo nyingi karibu na uwanja wa ndege. Jenereta linawashwa jioni, linazimwa alfajiri, mchana unajipepea. Kama ndege yako ni ya usiku huo huo, sawa.

Kuhusu bei, sasa nisikilizwe

Bei unayoiona kwenye tangazo mara nyingi siyo utakayolipa. Chukua chumba kilichoandikwa naira 80,000. VAT ni 7.5%, hiyo 6,000. Kodi ya matumizi ya Jimbo la Lagos ni 5%, hiyo 4,000. Pale wanapotoza na huduma 10%, ongeza 8,000. Umefika 98,000 na hujanywa hata soda. Muulize mtu "bei hii imejumlisha kila kitu?" na usikubali jibu la "yes ma" peke yake, mwambie akuandikie jumla.

Kisha kuna mchezo wa dola. Kabla ya Juni 2023 dola moja kwa bei rasmi ilikuwa kama naira 460. Mwaka uliofuata ilishapita 1,500. Baadhi ya hoteli zikaona mgeni wa nje ni wa kubanwa: bei ya dola, ukitaka kulipa naira wanakubadilishia kwa kiwango cha kichwani mwao. Mwenyeji aliyepanga foleni nyuma yako analipa naira, tena pungufu. Wakibanwa wanasema dizeli imepanda. Dizeli inayopanda kwa mgeni tu sijawahi kuiona popote.

Na amana! Hoteli nyingi zinataka uweke hela ya ziada juu ya malipo ya chumba, itakayorudishwa ukiondoka. Kuna moja, jina naliacha, iliniambia asubuhi ya kuondoka kwamba amana hairudishwi taslimu, inatumwa kwa akaunti ya benki ya Nigeria. Mimi akaunti ya Nigeria naitoa wapi? Gari liko nje, foleni ya uwanja wa ndege inajulikana ilivyo, na wao wanajua kwamba unaogopa kuachwa na ndege.

Siku hizi napatana amana iwe ndogo tangu mwanzo, nadai risiti yenye mhuri, na jioni ya mwisho nakwenda mapokezi kuuliza imebaki shilingi ngapi, yaani naira ngapi. Zilizobaki nazimaliza hapo hapo: nguo zote zinakwenda kufuliwa na kupigwa pasi, naagiza supu ya pilipili ya samaki na wali wa jollof sahani mbili, moja ya kufungiwa. Wakileta bili pungufu kidogo ya amana, naongeza maji ya chupa mpaka ilingane.