Probiotiki za kunywa kwa mtoto mwenye pumu ya ngozi: uzoefu wangu

Binti yangu, anayekaribia kutimiza miaka minne, ana pumu ya ngozi, ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, tangu akiwa ananyonya. Kwa miezi kadhaa nimempa probiotiki za unga, yaani bakteria hai wanaodaiwa kuufaa mwili, zile zinazouzwa kwa vipakiti vidogo katika maduka ya dawa hapa Dar es Salaam, na maoni yangu ni kwamba hazitibu ugonjwa huu kwa kiwango ambacho mzazi anaweza kukiona kwa macho, ingawa mtoto wangu hazikumdhuru. Nalisema hili mapema kwa sababu bei yake ni kubwa: boksi la mwezi mmoja lilinigharimu zaidi kuliko mafuta na krimu zake zote za kipindi hicho, na akina mama wengi ninaokutana nao kliniki hawana uwezo wa kununua vyote viwili.

Matumizi yenyewe ni rahisi. Unga ni mweupe, una utamu wa mbali, nao huchanganywa na maziwa ya uvuguvugu au uji uliopoa, kwa kuwa uji wa moto huwaua bakteria wale wale uliowalipia. Binti yangu aliunywa bila kukataa. Siku za mwanzo tumbo lilijaa gesi kidogo, kisha likatulia. Bakteria waliomo ni Lactobacillus rhamnosus GG, aina ambayo imefanyiwa utafiti mwingi, na naipongeza bidhaa hii kwa kulitaja jina hilo kikamilifu, maana nyingine nilizoziona rafuni ziliandikwa "bakteria rafiki" tu. Herufi za mwisho zina uzito. Mwanza, kwa mfano, kuna mradi ulioanza mwaka 2004 ambao uliwawezesha akina mama kutengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1. Majina yanakaribiana, lakini hiyo ni aina nyingine, na kilichothibitishwa kwa moja hakiwezi kudaiwa kwa nyingine.

Kilichonikera ni utunzaji wake. Ubavuni mwa boksi, kwa maandishi ambayo nilihitaji mwanga wa dirishani kuyasoma, imeelezwa kwamba unga utunzwe chini ya nyuzi 25, na kwamba idadi ya bakteria iliyotajwa ilihesabiwa wakati wa kutengenezwa. Boksi langu lilitolewa kwenye rafu iliyokuwa ikipigwa na jua, katika duka lisilo na kiyoyozi, mwezi Februari, ambapo joto la jiji hili hupita nyuzi 30 kila siku. Ni bakteria wangapi waliofika nyumbani kwangu wakiwa hai, hakuna awezaye kuniambia.

Muuzaji alinieleza kwa uhakika mkubwa: "Mama, mpe hizi, ngozi itatulia kutokea ndani, na hizo krimu utaachana nazo." Nilimuuliza daktari wa ngozi kuhusu kauli hiyo, naye akanifafanulia tofauti ambayo ningependa kila mzazi aijue. Matumaini haya yalikua sana baada ya utafiti wa Finland uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2001, ambamo wajawazito wenye historia ya mzio katika familia, na baadaye watoto wao, walipewa bakteria hao wa GG. Watoto walipofikia miaka miwili, asilimia 23 walikuwa na ugonjwa, ikilinganishwa na asilimia 46 ya wale waliopewa unga usio na bakteria. Utafiti huo ulihusu kuzuia ugonjwa kabla haujaanza. Watafiti wa Ujerumani waliojaribu jambo lile lile na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008 hawakuiona tofauti hiyo. Ama kuhusu kumtibu mtoto ambaye tayari anaumwa, mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua kwa pamoja tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 39 zenye washiriki 2,599, na kwa kipimo cha pamoja cha hali ya ngozi, muwasho na usingizi chenye alama 103, waliopewa probiotiki waliwazidi nafuu wasiopewa kwa wastani wa alama zisizofika 4. Muwasho na kukosa usingizi, mambo mawili yanayotutesa sisi nyumbani, karibu hayakubadilika kabisa.

Na mimi niliona hivyo hivyo. Katika ngozi yetu nyeusi ugonjwa huu mara nyingi hauonekani kwa wekundu. Kwa binti yangu ngozi ya mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti hugeuka ya kijivu na kukwaruza kama msasa, na vipele vidogo hujipanga kwenye vinyweleo vya tumboni. Mwanzoni ngozi ilitulia na bibi yake akafurahi sana, lakini ugonjwa huu una desturi ya kupanda na kushuka wenyewe, na baadaye ulipanda tena huku unga ukiendelea kunywewa asubuhi bila kukosa. Muda wote huo aliendelea kupakwa mafuta mazito ya mgando mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na krimu ya haidrokotisoni, steroidi isiyo kali ya kutuliza uvimbe, sehemu zilizowaka tu, kwa siku alizoelekeza daktari. Kila tulipolegeza mafuta, kucha zilirudi kazini usiku. Tulipoacha unga, hakuna kilichobadilika. Ngozi ya watoto hawa inashindwa kushika maji na kuzuia vijidudu, na ndiyo maana inahitaji kupakwa kutoka nje. Nasisitiza krimu iwe ya daktari, kwa sababu baadhi ya zile za kung'arisha zinazouzwa mitaani huwa na klobetasoli, steroidi kali inayochubua na kudhoofisha ngozi ya mtoto.

Kwa alama tano, naipa mbili: moja kwa kutaja aina ya bakteria, nyingine kwa urahisi wa kunywewa. Mwenye mtoto mwenye mzio wa maziwa asome kwanza orodha ya viambato, kwani baadhi ya probiotiki zina mabaki ya protini za maziwa. Mtoto aliyezaliwa njiti au mwenye kinga dhaifu asipewe bila idhini ya daktari wake. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2023 kwamba bakteria hawa wanaweza kuingia katika damu ya watoto njiti na kuwasababishia maambukizi ya kuua.