Tathmini ya PECS: kitabu cha picha kwa mtoto mwenye usonji ambaye hajaanza kusema

Mtoto mwenye usonji (autism) asiyesema huomba kwa kulia, kukuvuta mkono au kujipiga kichwa, na mkubwa hubaki kubahatisha. PECS (Picture Exchange Communication System), mfumo wa kuwasiliana kwa kubadilishana picha uliobuniwa Marekani mwaka 1985 na Andy Bondy na Lori Frost, humpa njia nyingine: achukue picha ya anachokitaka, akuwekee mkononi, apewe. Msingi wake ni ule wa tiba ya tabia, kwamba kitendo kinacholeta matokeo mazuri hurudiwa.

Kama kifaa, hakuna makuu: faili la pete, mistari ya velkro (utepe wa pande mbili unaoshikana na kubanduka), picha ndogo za kama sentimita 5 kila upande zilizofunikwa kwa plastiki ngumu, na ukanda wa kupangia sentensi. Ukitengeneza mwenyewe, picha zote zibandike upande uleule wa velkro na kitabu upande wa pili, zikichanganyika hazishiki. Picha zinazotumika sana ziwe na nakala, maana hutafunwa na kupotea. Uzuri wa karatasi ni kwamba haiishiwi chaji.

Thamani yake iko kwenye mafunzo, na hapo ndipo wengi huharibu. Kabla ya picha yoyote, jua mtoto anapenda nini. Panga vitu vitano au sita mbele yake, angalia anachokimbilia kwanza, kiondoe, angalia kinachofuata. Wasioanza na hatua hii hufundisha kwa kitu ambacho mtoto hakihitaji, kisha husema mfumo haufanyi kazi.

Hatua ya kwanza inataka watu wazima wawili. Mmoja yuko mbele na biskuti, picha ya biskuti ikiwa katikati. Wa pili anakaa nyuma ya mtoto, kimya. Mtoto akinyoosha mkono kuelekea biskuti, wa nyuma anauongoza mkono huo: kushika picha, kuifikisha, kuiachia. Wa mbele anataja "biskuti" na kutoa kipande papo hapo. Toa kipande kidogo, ili apate sababu ya kuomba tena. Msaada wa nyuma hupunguzwa kuanzia mwisho: kwanza mtoto aachie picha mwenyewe, halafu aifikishe mwenyewe, mwisho aiokote mwenyewe.

Katika hatua hii hakuna anayeuliza "unataka nini?" wala kusema "nipe picha". Kunyamaza huku ndiko kugumu zaidi kwa wazazi na walimu, na ndiko kunakoleta tofauti. Mtoto aliyezoea kuulizwa kwanza husubiri swali; njaa ikimkamata na hakuna anayemuuliza, anarudi kwenye kilio. Ukiwa peke yako na ukalazimika kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja, mtoto hujifunza kukutegemea wewe umguse. Tafuta mtu wa pili, hata kwa dakika chache kwa siku.

Hatua ya pili ni umbali: kitabu kinasogezwa mbali, nawe pia, ili mtoto afuate kitabu kisha akufuate wewe, vyumba tofauti na watu tofauti. Ya tatu ni kuchagua kati ya picha, na inahitaji subira. Anza na kitu anachokipenda sana dhidi ya kitu asichokijali, kama mpira na soksi. Akileta picha ya soksi, mpe soksi. Akikasirika, usimkemee: onyesha picha sahihi kitabuni, msaidie akupe, mpe kazi ndogo anayoiweza kama kupiga makofi, kisha rudia jaribio lote. Usipompa mpira mara tu baada ya kumsahihisha, hatazoea kukosea kwanza ndipo asaidiwe. Baadaye, picha zote zikiwa za vitu anavyovipenda, mwambie "chukua" uone kama anachukua kile alichokiomba.

Ya nne inaunda sentensi, "nataka" na "mpira" kwenye ukanda mmoja. Ya tano ni kujibu swali, na ya sita ni kusema anachokiona.

Kosa moja linaumiza mno: kumficha mtoto kitabu kwa sababu "ameomba sana". Huko ni kumziba mdomo. Kitabu kikae anapokifikia siku nzima, na kwa lisilowezekana fundisha kadi ya "subiri", ukianza na sekunde chache tu.

PECS haiondoi usonji, wala haiahidi usemi. Kinachoimarika waziwazi ni kuomba. Maneno ya mdomo hutofautiana mtoto kwa mtoto, na wasiwasi kwamba picha zitamzuia kusema hauna msingi. Akianza kutamka, mwachie kitabu aendelee nacho. Picha zikiwa nyingi hadi faili halibebeki, zungumza na mtaalamu wa tiba ya matamshi kuhusu kuhamia kwenye tableti yenye sauti.