Kiti cha Mkongo Kilichochongwa Uani: Tathmini

Ninachokitathmini hapa ni kiti kimoja cha mikono, cha mbao ya mti wa mkongo, kilichochongwa na fundi anayefanya kazi peke yake katika karakana iliyo uani kwake Kigamboni, chini ya paa la mabati, hatua chache kutoka jikoni. Bei yake ni shilingi 1,400,000 bila usafiri. Kwa fedha hiyo mtu huweza kwenda Keko, mtaa wa mafundi samani jijini Dar es Salaam, akarudi na viti kadhaa vya mbao vilivyo imara na vya kupendeza, kwa hiyo anayetaka kutoa kiasi hicho kwa kiti kimoja ana haki ya kuuliza ananunua nini hasa. Jibu langu, baada ya kukitumia kiti hiki kwa miezi ya kutosha, ni kwamba ananunua uchongaji, na kwamba katika mbao ngumu na nzito kama hii uchongaji si urembo wa juu juu bali ndio unaokifanya kiti kikalike.

Mto wa sponji humsamehe fundi makosa mengi. Mkongo haubonyei, na kila kosa la kipimo humfikia mkaaji mgongoni na mapajani. Ndiyo maana ukaguzi wangu ulianzia kwenye kikalio. Kimeungwa kwa vipande vitano vya mbao ya inchi mbili, na vile vya pembeni vimeinamishwa kidogo kuelekea ndani, ili bonde la kukalia lianze kupatikana kwenye maungio yenyewe kabla ya chombo chochote cha kuchongea kugusa mbao. Kisha fundi huondoa kilichobaki kwa grainda iliyofungwa diski ya meno, hufuata tupa ya mbao, halafu bamba la chuma la kukwangulia, na mwisho msasa kuanzia namba 80 hadi 400. Ukipitisha kiganja kutoka nyuma kuja mbele, unahisi bonde linalozama taratibu, linaloinuka kidogo katikati ili kutenganisha mapaja, kisha ukingo wa mbele unaojikunja kwenda chini bila pembe, usije ukabana damu nyuma ya magoti. Hakuna mahali ambapo kiganja kinakutana na wimbi au kishimo kilichoachwa na grainda. Nilikipindua pia, kwa kuwa upande wa chini ndiko fundi mvivu huacha ushahidi. Huko alama za tupa zimebaki, jambo ambalo mimi sioni ubaya wake, lakini kingo zote zimelainishwa na unene wa kikalio umepunguzwa pembezoni hadi kinaonekana chembamba kuliko kilivyo.

Wateja wengi humwendea fundi huyu wakitaka kiti cheusi cha mpingo mtupu, naye huwakatalia. Ana sababu. Mpingo hukua polepole mno, huchukua miaka 70 au zaidi kufikia umri wa kuvunwa, na shina lake kwa kawaida ni fupi, limepindapinda na mara nyingi lina uozo au nyufa ndani, hivi kwamba kupata ubao mpana na mnyoofu ni bahati; ndiyo maana mti huo huishia zaidi katika vinyago vya Wamakonde na katika ala za kupuliza kama klarineti na oboe. Uzito nao ni kikwazo. Kipande cha mpingo mkavu chenye ujazo wa lita moja huwa na kilo 1.2 hivi, ndiyo sababu huzama majini, ilhali mkongo wa ujazo huohuo una takriban gramu 800. Kiti hiki kina kilo 11, na kwa mpingo mtupu kingepita 16. Hapa mpingo umewekwa mahali pake, yaani kwenye vizibo vya duara vinavyofunika skrubu na kwenye ukanda mwembamba uliopita juu ya kiegemeo, na weusi huo kidogo juu ya wekundu wa mkongo unatosha kabisa. (Muuzaji anayekuonyesha ubao wa mpingo wenye upana wa futi mbili mwombe aukwangue mahali pasipoonekana, maana rangi ya viatu imewadanganya wengi.)

Mtindo wenyewe asili yake ni mbali. Unatokana na Sam Maloof, fundi wa California aliyefariki mwaka 2009 akiwa na miaka 93, ambaye viti vyake vya kubembea vilisifika hata akatunukiwa mwaka 1985 ruzuku ya MacArthur, ambayo Marekani hupewa watu wenye ubunifu wa kipekee. Fundi wa Kigamboni amejifunza kwa kutazama video, wala hafichi. Katika kiungo cha mtindo huo mguu hauingii kwenye kikalio kwa ulimi ndani ya tundu kama tulivyozoea. Kikalio hukatwa pengo pembeni, mguu nao hutobolewa mifereji inayoshika kingo za pengo hilo, vyote viwili hukazwa kwa gundi na skrubu, kisha mahali pote pa maungio huchongwa hadi mguu na kikalio vinaonekana vimeota pamoja. Ni kiungo kisichovumilia uzembe, kwa sababu uchongaji hufichua mwanya badala ya kuufunika. Miguu ya mbele haina dosari. Mguu wa nyuma wa kushoto una mstari mwembamba uliojazwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao. Hauonekani mpaka uiname na tochi, na hadi sasa kiti hakijatoa mlio wowote.

Kilichonikera ni muda. Kazi niliyoahidiwa kwa miezi miwili ilichukua karibu mara mbili ya hapo, na kila nilipopiga simu nilijibiwa kwamba mbao bado haijakaa sawa. Hoja hiyo ina msingi: katika hewa ya Pwani mbao iliyokaushwa vizuri hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 au 15, ila ukiiingiza katika chumba chenye kiyoyozi kila siku hushuka hadi asilimia 9 au 10 na kusinyaa, na kikalio kilichoungwa vipande kikisinyaa vibaya hupasuka kwenye maungio. Kwa kuwa nilisema mapema kwamba kiti kitakaa ofisini, fundi aliziweka mbao ndani ya chumba akizipima mara kwa mara kwa kipimo cha unyevu. Nakubali alivyofanya. Nisichokubali ni hesabu hiyo kutoelezwa siku ya kuchukua malipo ya awali.

Kuhusu karakana ya nyumbani, nilitazama mambo mawili tu. Vumbi la mkongo huwasha pua na macho, na vumbi la mbao kwa jumla limeorodheshwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Fundi huvaa barakoa ya vichujio na huchonga upande ambao upepo hauelekei nyumbani. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani, ambavyo vikirundikwa huweza kujiwasha moto vyenyewe, huvitumbukiza katika ndoo ya maji.

Mafuta hayo pamoja na nta ya nyuki ndiyo rangi pekee ya kiti. Hayana ule mng'ao wa vanishi, mkono unagusa mbao yenyewe, lakini kikombe cha chai ya moto kilichowekwa kwenye mkono wa kiti kiliacha duara jeupe, nami nililiondoa kwa msasa laini na tone la mafuta. Miguu haina viatu vya mpira, na kwa uzito huu kukiburuta ni kuchuna vigae.

Anayeagiza aombe aonyeshwe stakabadhi na kibali cha kusafirishia mbao kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, kwa kuwa mkongo huvunwa ovyo, na tangu mwaka 2023 mbao zake zimo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Mimi nilionyeshwa bila kubembeleza. Aende mwenyewe akapimwe kutoka kisigino hadi nyuma ya goti akiwa amevaa viatu vyake vya kila siku, na tarehe ya kukabidhiwa iandikwe kwenye karatasi ya oda.