Kozi ya gitaa la ridhimu kwa staili ya wakali wa rock: inafaa, ila kuna sura moja wameiharibu

Wakuu, nimemaliza kozi moja ya mtandaoni ya gitaa la ridhimu (lile la kushikilia mdundo wa wimbo, sio la solo), jina naliacha makusudi maana kuna sehemu nitawasema vibaya na sitaki ugomvi na mtu. Ni ya kulipia, ukishanunua video zinabaki kwako, kila sura inamchambua mpiga gitaa mmoja wa rock na hakuna solo hata moja mwanzo mpaka mwisho. Hapo ndo waliponikamata. Kozi nyingi za rock zinakimbizana na solo tu, mtu anajifunza kutambaa juu ya shingo la gitaa mpaka vidole vinatoa moshi, halafu siku akiingia kwenye bendi akaambiwa shikilia kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) mbili tu wimbo mzima, anayumba, na mpiga dramu anabaki anamwangalia tu.

Sura ya kwanza haina kodi kabisa. Unaziba nyuzi zote kwa mkono wa kushoto (wa mashoto mtageuza wenyewe) halafu mkono wa kulia unashuka na kupanda bila kusimama, wakati mwingine piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) inagusa nyuzi, wakati mwingine inapita hewani tu. Mkono ndo saa yako. Ukiusimamisha pale ambapo hakuna sauti, basi kurudi unarudi kwa kubahatisha. Inachosha, na wengi nadhani wataikimbia sura hii, lakini mwalimu hana haraka na nampa heko kwa hilo. Baada ya hapo anakuletea mapigo ya Bo Diddley, mkongwe wa rock and roll: gawanya muda wa mapigo manne uwe vipande 16 vidogo, gonga kwa nguvu kipande cha 1, 4, 7, 11 na 13, vingine vyote piga kwa sauti ndogo au pita hewani. Kodi moja tu na mtu anaanza kutikisa kichwa. Mimi ningekuwa na uwezo ningelazimisha kila mwanafunzi wa gitaa akae hapa muda mrefu kabla hajaruhusiwa kugusa kitu kingine.

Sasa sura ya Malcolm Young wa AC/DC, hii peke yake inarudisha hela yako. Watu wengi wanamjua mdogo wake Angus, yule wa sare ya shule anayekimbia jukwaani, ila aliyekuwa ameushika ule muziki ni Malcolm, amesimama zake nyuma karibu na dramu. Gitaa lake lilikuwa Gretsch ya mwaka 1963, akaing'oa pikapu (vidude vya kunasa sauti ya nyuzi) akaacha ile moja tu ya karibu na daraja la nyuzi, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, nyuzi zenyewe nene, na ampu (kikuza sauti) hakuifungua mpaka ikoroge sauti. Ukisikia AC/DC unadhani kuna distosheni (ule mkwaruzo wa sauti ya gitaa) ya kutisha, ila ukija kumsikiliza Malcolm kwa makini unakuta sauti yake ni safi kuliko ulivyofikiria, uzito wote unatoka kwenye mkono. Ukiweka hedifoni kwenye albamu ya Back in Black ya 1980 magitaa mawili yamewekwa kila moja upande wake, kwa hiyo unaweza kutoa sikio moja ukabaki na gitaa moja. Mwalimu anakupa hilo kama kazi ya nyumbani.

Kilichonivutia zaidi ni kwamba somo lenyewe sio kupiga, ni kuzima. Chukua wimbo uliobeba jina la albamu: kodi ni E, D na A, mtoto wa shule anazijua, lakini kati ya kodi na kodi kuna kimya na kile kimya kina urefu wake. Mwalimu anakulazimisha uhesabu kimya kwa sauti ya mdomo, yani "moja na mbili na" huku gitaa limenyamaza, halafu anakuonyesha ukichelewa kuizima kodi hata kidogo tu wimbo unakuwa mzito kama gari limekwama kwenye tope. Anaipiga mara mbili, vizuri na vibaya, kodi zilezile, spidi ileile, na tofauti unaisikia palepale. Hajaongea sana. Hivyo ndo kufundisha.

Sura ya James Hetfield wa Metallica nayo moto, ila ya kuumiza. Pale pigo ni la chini tu, hakuna kupandisha. Anaanza na Johnny Ramone, na ana haki, maana Ramones walishakuwa wanapiga chini-chini-chini kwenye albamu yao ya kwanza 1976, miaka kumi kabla ya Master of Puppets, albamu ya Metallica. Kwenye wimbo wa jina hilohilo mdundo unazidi 200 kwa dakika, na kila mdundo una mapigo mawili, piga hesabu mwenyewe, ni kama mapigo saba ya chini kila sekunde moja, na juu ya hapo jamaa anaimba! Kozi inakuanzisha na mdundo wa 120 kwa dakika na haikuruhusu uongeze mpaka upige dakika nzima bila bega kukaza. Kuna klipu nzuri ya karibu inaonyesha ubavu wa kiganja umelala kwenye daraja la nyuzi, ukisogea mbele kidogo tu sauti inakufa, ukirudi nyuma kidogo inafunguka yote, kwa hiyo ile "jug jug" ya metali unaitafuta kwa kusogeza kiganja taratibu, sio kwa kuongeza distosheni. Anasema ukisikia maumivu acha. Fuateni hilo, wakuu, sio utani.

Pete Townshend wa The Who kapewa sura fupi, kodi zinazoning'inia na kurudi nyumbani, basi, sawa. Jimi Hendrix naye wamempitia juujuu, dole gumba juu ya shingo linashika besi halafu vidole vingine vinabaki huru kupamba, ila walau wametaja kwamba kabla ya umaarufu alikuwa mpiga gitaa wa nyuma wa watu kama Isley Brothers na Little Richard. Mtu akijua hilo anaelewa ile ridhimu yake imetoka wapi. Nancy Wilson wa bendi ya Heart hayumo, Joan Jett hayumo, na sioni sababu yoyote.

Haya, tuje kwa Keith Richards wa Rolling Stones. Hapa ndo wameharibu.

Mwalimu anafundisha ridhimu ya Keith kwenye gitaa lenye nyuzi sita na tyuni ya kawaida, eti kurahisisha. Jamani! Ridhimu maarufu za Keith kuanzia mwisho wa miaka ya 60 nyingi zimetoka kwenye tyuni ya G ya wazi (nyuzi zinafungwa ili zikipigwa bila kushikwa zitoe kodi ya G), na uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kautoa kabisa, umebaki G D G B D. Ukichukua tyuni ya kawaida ukaanza kuviringisha vidole kuigiza ile sauti, unafundisha kazi ngumu kwa jina la urahisi. Ukweli ni mambo matatu tu: toa uzi wa sita, legeza wa tano kutoka A uje G, legeza wa kwanza kutoka E uje D. Vingine usiguse. Sasa laza kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote kwenye freti (kile kijimgawanyo cha shingo) ya tano, hiyo ni C. Ongeza kidole cha kati freti ya sita uzi wa pili, na cha tatu freti ya saba uzi wa nne, umepata F juu ya besi ya C. Ingiza vidole, toa vidole, ingiza, toa, ndo hiyohiyo sauti ya Rolling Stones uliyoisikia maisha yako yote. Dakika tano ingetosha kuonyesha hilo, wao wametumia sura nzima kulizunguka.

Kibaya zaidi wamemwekea mdundo wa kompyuta. Keith hapigi na kompyuta. Charlie Watts, mpiga dramu wao, alikuwa na tabia ya kuinua mkono kwenye hai-hati (yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) kila anapopiga sneya (ngoma ndogo ya mlio mkali), kwa hiyo pale panabaki tundu, na gitaa linapumua kwenye tundu hilo. Dramu za mashine zinajaza kila kipande, Keith anaingilia wapi sasa? Mazoezi ya sura hii tafuteni mpiga dramu mtu, au pigeni juu ya rekodi zenyewe.

Sura ya vifaa ruka. Ni tangazo la kununua pakiti yao ya sauti, na inapingana na walichofundisha wenyewe. Malcolm alitumia nyuzi nene, wakati Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyekatika ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, alitengeneza vifuniko vya kuvalisha vidole, akatumia nyuzi laini, na baadaye akazilegeza zaidi. Wote wawili ukisikia sekunde mbili unawajua. Pakiti gani hiyo itakuuzia mkono wa mtu?

Upande wa ufundi: kitufe cha kupunguza spidi kinafanya kazi vizuri na sauti haiharibiki, lupu unakata unapotaka, kwenye simu video inakwama kidogo ukirudisha nyuma. Maandishi ya chini ya video hayapo. Nikawaandikia kuhusu hilo wakajibu kistaarabu, ila hawajaahidi kitu.

Anayeanza kabisa asinunue, ajue kwanza kubadilisha kodi bila kuangalia vidole. Aliyekwama kwenye bendi, ambaye kila mazoezi anaambiwa punguza sauti, huyo anunue leo, achukue ile ya kawaida isiyo na pakiti ya vifaa, na sura ya Malcolm airudie mpaka mpiga besi aanze kutabasamu.