Monticello ya Thomas Jefferson: nendeni, ila msiishie kwenye kuba

Kwa mliopo huku DMV (yaani Washington DC, Maryland na Virginia) na mna wageni kutoka nyumbani hamjui muwapeleke wapi, Monticello ni masaa mawili na kitu hivi kutoka DC, iko juu ya kilima nje kidogo ya Charlottesville, Virginia. Ndo ile nyumba ya kuba iliyochorwa nyuma ya sarafu ya Marekani ya senti 5. Tiketi kateni mtandaoni mapema, gari mnapaki chini halafu basi dogo linawapandisha, au mnaenda kwa mguu kama magoti yanaruhusu.

Nyumba yenyewe aisee ni ya mtu mwenye vituko. Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alianza kuijenga 1769 na mpaka anamaliza urais 1809 ndo kwanza mafundi wanamalizia, yaani karibu miaka 40 ya kubomoa na kujenga upya. Ukumbi wa mbele kuna saa kubwa inayoendeshwa na risasi za mizinga zilizofungwa kwenye kamba, zinashuka taratibu ukutani na pembeni pameandikwa siku za wiki, ukitaka kujua leo siku gani unaangalia risasi zimefika wapi. Sasa ukuta ukawa mfupi wiki haikuenea, jamaa akatoboa sakafu, kwa hiyo Jumamosi iko huko chini stoo 😂. Kitanda chake nacho kimepachikwa kwenye ukuta katikati ya vyumba viwili, akishukia huku yuko chumbani, akishukia kule yuko ofisini kwake.

Ila chumba cha kukitazama kwa makini ni cha chakula. Pembeni ya meko ya kuotea moto kuna vilifti vidogo vya kupandishia chupa za mvinyo kutoka chini, na kuna mlango wa kuzunguka wenye shelfu, chakula kinapangwa nyuma yake, unageuzwa, sahani zinatokea upande wa wageni. Kundi letu zima likaanza kushangaa jinsi mzee alivyokuwa na akili, sawa, akili alikuwa nayo, lakini ujanja wote ule kazi yake ni moja tu, wageni wale, washibe, bila kumuona aliyepika na aliyebeba. Mkitoka nje mtaliona tena hilo hilo, jiko, stoo na vyumba vya watumwa vimesukumiwa chini ya baraza ndefu za pande mbili, ukisimama kwenye majani hapo juu unaona milima tu.

Kwa hiyo shukeni huko chini na msiwe na haraka. Huyu mtu aliyeandika kwenye Azimio la Uhuru wa Marekani kwamba binadamu wote wameumbwa sawa aliwamiliki watu zaidi ya 600 katika maisha yake, na wana majina. Kuna Edith Fossett aliyekuwa mpishi mkuu, mumewe Joseph alikuwa mhunzi. Jefferson alipokufa tarehe 4 Julai 1826 aliacha madeni ya zaidi ya dola 100,000, na Januari 1827 ukapigwa mnada, watu 130 walitangazwa kuuzwa. Joseph alipewa uhuru kwenye wosia, mke na watoto wakauzwa, sasa huo uhuru sijui wa namna gani, ikabidi ahangaike kuwakomboa mmoja mmoja. Mtoto wao Peter aliuzwa akiwa na miaka 11, baadae akaja kuwa mchungaji huko Cincinnati.

Hapo hapo chini kuna maonyesho ya Sally Hemings, mmoja wa watumwa wa Jefferson, yaliyofunguliwa 2018. Alipelekwa Paris 1787 akiwa binti wa miaka 14, na akazaa watoto na Jefferson, jambo lililobishaniwa miaka na miaka. Maelezo mengi ni maneno ya mwanae Madison aliyoyatoa 1873, na imefanywa kwa adabu, hakuna mapambo.

Nimeshaingia nyumba nyingine za matajiri wa zamani huku kusini, sitazitaja, unasimuliwa mapazia na vikombe saa nzima halafu watumwa wanatajwa sentensi moja mkiwa mlangoni. Hapa hapana, mwongozaji wetu aliulizwa maswali magumu na akajibu bila kuzunguka. Ningependa tu waseme zaidi habari za Uriah Levy, Myahudi ofisa wa jeshi la majini aliyeinunua 1834 ikiwa imechakaa, bila ukoo wake leo pengine tungetembelea magofu.

Ghorofani kwenye kuba ni ziara nyingine na tiketi nyingine, ngazi zina upana wa inchi 24 tu, mwenye mwili ajipime. Vaeni viatu vya kutembelea, bustani ya mboga peke yake ina urefu wa futi 1,000 na hakuna kivuli. Na makaburi ya watumwa yako karibu na mnapopaki, pitieni kabla hamjaondoka maana wengi wanayakosa.

Nyota 5 kwa huko chini, kuba naipa 3.